Tusimushitaki mwanamuke kwa kosa la musumeno

Katika vijiji vyetu vingi, mwindaji akikosa nyama mara tatu, watu hawaulizi bunduki. Wanauliza bibi yake. Waligombana asubuhi? Alilala wapi usiku ule? Alipika na mawazo gani? Ukoo unakutana, kuku inatolewa, pengine mbuzi, maneno ya haya yanasemwa mbele ya watoto. Kiisha bwana anarudi porini na bunduki ile ile, na anakosa tena. Sisi tunaoandika kurasa hizi tunapenda desturi za wazee, njo sababu tuko katika chama hiki. Lakini kuna makosa ya mikono yetu ambayo tunayafunika kwa jina la desturi, na hatutaki kuyanyamazia tena.

Mwaka mumoja tulialikwa kusikiliza mashauri ya namna ile. Mwanamuke alikuwa amekaa chini, analia, na ndugu za bwana walikuwa wamekwisha kukata neno. Tuliomba kitu kimoja tu: bunduki iletwe. Ilikuwa kalibre 12 ya mututu mumoja. Mututu ulikuwa umekatwa na musumeno, santimetre 12 hivi, kusudi upite vizuri katikati ya kamba za pori. Tulipopitisha kidole kwa mudomo wake tulisikia meno ya chuma, na ule mukato haukunyooka. Mwenye bunduki alisema: “Nilikata tu kidogo, iwe nyepesi. Nguvu iko mu kartushi, haiko mu chuma.” Juu ya kartushi hakusema uongo. Ila hakujua ni kitu gani alikitupa pamoja na kile kipande.

Alitupa choki. Choki ni mubano mudogo ulio katika santimetre chache za mwisho wa mututu. Ndani, mututu wa kalibre 12 una upana wa milimetre 18,5 hivi, na mubano wenye nguvu zaidi, ule wanaouita ful choki, ni milimetre moja tu. Nusu choki ni nusu ya milimetre, robo choki ni robo. Mututu usio na mubano tunauita lisi. Kwa macho mutu haoni tofauti, lakini mbegu za risasi zinaiona. Kipimo cha kawaida ni duara ya santimetre 76 kwa umbali wa metre 36 hivi: ful choki inaingiza ndani yake karibu mbegu 70 kwa 100, nusu choki 60, lisi 40 tu. Basi mwenye kukata santimetre sita hakupunguza choki: kwa kawaida ameiondoa yote. Tena pamoja nayo inaenda ile nukta ya mbele ya kulengea. Ndugu yetu alikuwa analenga na mututu usio na jicho.

Hapo muzee mumoja alisimama na kutupatia haki kwa namna ambayo hatukuipenda. “Niliwaambia,” akasema, “bunduki ni urefu. Bunduki ndefu njo inapiga mbali.” Na yeye tunamupinga, kwa heshima yote. Kwa bunduki za ujana wake maneno yale yalikuwa na maana. Mapatano ya Brussels ya mwaka 1890 yalizuia kwa sehemu kubwa ya Afrika kuuziwa bunduki za mistari na baruti za kisasa. Zile za jiwe la moto, zenye mututu laini, pamoja na baruti ya kawaida, ziliachwa. Ni zile tunazoziona mu sanaa ya Wachokwe, pale Chibinda Ilunga, mwindaji mukubwa, amechongwa na bunduki mukononi. Ni za ukoo ule ule pupu zinazotengenezwa na mafundi wetu wa vyuma. Baruti nyeusi iliomba njia ndefu ya kusukuma, na wazee waliona vizuri kwamba mututu murefu unasaidia.

Lakini baruti ya kartushi ya leo inamaliza kuwaka katika sehemu ya kwanza ya mututu. Mbegu zinatoka na mwendo wa metre karibu 400 kwa sekunde. Ukipunguza urefu kwa santimetre 10, unapoteza metre nane au kumi hivi. Hakuna mboloko aliyepona kwa ajili ya metre nane zile. Urefu unasaidia kulenga na kufuata ndege anayeruka, basi. Kwa pori zito, mututu wa santimetre 61 mpaka 68, uliotoka vile kiwandani, unatosha kabisa. Kwa mbuga, 71 mpaka 76. Mwenye kulipa zaidi juu ya urefu akifikiri ananunua nguvu, amenunua uzito wa kubeba.

Sasa kuna wenye kutuambia: kama lisi inafaa pori, yule aliyekata alifanya vizuri, sivyo? Hapana. Lisi ya kiwanda ina mudomo ulionyooka na laini, ina nukta yake. Mukato wa musumeno uliopindama unatupa mbegu upande. Tena, na hili ni kubwa zaidi, ndugu yetu alikata bunduki lakini hakukata tabia. Aliendelea kupiga nyama kwa metre 35, sawa siku zile alipokuwa na ful choki.

Tuseme wazi yale tunayoyaamini juu ya choki. Urefu wa shoti haukuachwa kwa mapenzi ya kila mutu. Desturi ilikuwa imekwisha kuupanga. Katika pori la Maniema na la Tshopo, mwindaji anayejua kazi anaita mboloko kwa sauti ya pua, sauti ya mutoto wa nyama anayelia, na mboloko anakuja mpaka hatua kumi au kumi na tano. Kwa metre 10, ful choki inakusanya mbegu zote katika upana wa santimetre 25 hivi: ama unakosa kabisa, ama unaharibu nyama hata haifai kupelekwa kwa mukwe. Lisi, kwa umbali ule, inafungua karibu nusu metre. Ni kusema mwenye kuita kwa pua anapashwa kununua lisi au robo choki. Kule Katanga, fasi kanga wanaruka mbele yako kwa metre 30, nusu choki njo yake. Kwanza jiulize unakaribia nyama namna gani, kiisha chagua mututu.

Lakini dukani kijana anaomba ful choki, juu muuzaji amemuambia “inapiga mbali”. Tangu siku ile hataki tena kujifunza kuita. Anapiga kima juu ya muti kwa metre 50 au 60, mbegu mbili zinaingia tumboni, kima anaenda kufa peke yake. Zamani mwenye kujeruhi alifuata damu mpaka mwisho, hata usiku umukute njiani. Kuiacha ilikuwa aibu kubwa. Leo kijana anarudi na kusema kuna mutu amemuloga.

Tena kuna jambo la hatari, na hapa hatufanyi mashindano ya maneno. Wamoja wanafungua kartushi, wanamwaga mbegu, wanatia risasi moja ya duara waliyoiyeyusha wenyewe. Risasi inayopita sawasawa mu mututu wa milimetre 18,5 haitapita kwa choki ya milimetre 17,5. Mututu unaweza kupasuka, na mukono wa kushoto uko pale pale. Hakuna ndoki ndani ya hesabu hii.

Siku ile ya mashauri tulifanya nini? Tulitundika karatasi kubwa kwa ukuta wa udongo wa nyumba iliyoachwa, tukapima hatua, bwana akapiga mara mbili akilenga katikati. Kwa hatua 30, mbegu zilikuwa juu na kushoto, na katikati palibaki fasi ambapo mboloko muzima angesimama bila kuguswa. Kwa hatua 12, bado kushoto. Ndugu za bwana walitazama karatasi kwa muda murefu. Mumoja aliuliza kama tunaweza kupiga tena, “pengine upepo”. Kartushi zilikuwa zimekwisha.

Tunaomba basi viongozi wa koo na wazee wa uwindaji, katika kila kijiji ambapo kitabu hiki kitafika: mwindaji akilalamika, apige kwanza kwa karatasi, kwa umbali ule anaopigia nyama, mbele ya watu. Mudomo wa mututu utazamwe, nukta itafutwe. Karatasi iletwe katika baraza, ikae chini pale mwanamuke anapokalishwa. Kiisha, kama bado wanataka, wamuite.