AFYA YETU: Sindano za Kichina na Uzazi

Mwaka mzima mnatafuta mtoto, hampati. Watu wanaanza kumsema mke. Jirani anawaambia, "Nendeni mkachomwe sindano za Kichina." Je, mwende?

Tiba hii si ngeni. Madaktari wa China walianza kuja Tanzania Bara mwaka 1968, na baadhi yao wamefanya kazi hapa Dodoma. Sindano zenyewe ni nyembamba sana, hazina dawa. Huchomwa katika ngozi, huachwa kwa muda, kisha huchomolewa.

Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Australia na New Zealand. Wanawake zaidi ya 800 walikuwa wakitungishiwa mimba nje ya mwili. Wengine walichomwa sindano za kweli, wengine za kuigiza. Waliojifungua walikuwa kama 18 katika kila 100, kwa makundi yote mawili. Sindano zinaweza kumtuliza mtu mwenye wasiwasi, lakini hazizibui mirija iliyoziba kwa kisonono.

Basi usiuze mbuzi wala alizeti kabla ya kupimwa. Nendeni hospitali wote wawili. Ndiyo, na wewe bwana! Kupima mbegu za mume ni rahisi kuliko kupima mirija ya mke, lakini wanaume wengi huona aibu, mke akazunguka peke yake. Mke akipita miaka 35, msingoje mwaka. Nendeni baada ya miezi 6.

Mkianza matibabu na bado mnataka sindano, mwambieni daktari wenu. Tena ziwe mpya, zifunguliwe mbele yenu.