Seva Ikiamka, Ipige Hodi Yenyewe

Wadau, leo nina neno na mafundi wa mitandao, na sitazunguka.

Hapa Ogembo stima ikipotea na kurudi, ofisi nyingi huona kisa kilekile. Seva imewaka, taa zinamulika, lakini hakuna anayeipata. Mkulima wa chai aliyekuja kuuliza salio lake anaambiwa "mtandao umepotea". Fundi anapigiwa simu, anapanda matatu kutoka Kisii mjini, anaketi mbele ya seva, anapiga ping moja kuelekea ruta, mambo yananyooka. Analipwa na kuitwa bingwa. Mimi nasema huo si ubingwa. Ni kazi ya amri moja ambayo ingefaa kuwa ndani ya seva tangu siku ilipowekwa.

Tuelewane kinachotokea. ARP, utaratibu ulioandikwa na David Plummer mwaka 1982, huunganisha anwani ya IP na MAC, yaani namba ya kadi ya mtandao. Ruta huuliza, kisha hukariri jibu. Ruta za Cisco, zikiachwa na mpangilio wake wa kawaida, hulishika kwa saa 4. Sasa, seva pepe si chuma; ni programu inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. Kompyuta ya kwanza ikifa, unaiwasha kwenye ya pili: IP ileile, lakini MAC yaweza kuwa mpya. Ruta iliyobaki hai kwa betri inaendelea kupeleka barua kwa marehemu.

Mgeni mwenye adabu hasubiri kuulizwa; hupiga hodi. Seva nayo ifanye hivyo kila inapoamka:

arping -U -c 3 -I eth0 192.168.1.10

Linux ina hata chaguo la arp_notify la kazi hiyohiyo. Kwa kawaida huwa 0. Liweke 1.

Wapo watakaosema ni hatari mashine kujitangaza zenyewe. Watataja tarehe 4 Oktoba 2021, siku ambayo seva za DNS za Facebook zilikosa mawasiliano na vituo vya data, zikaondoa zenyewe matangazo yao ya BGP, yale ambayo mitandao mikubwa hutumia kuelezana njia. Facebook, WhatsApp na Instagram zikapotea kwa takriban saa 6. Kweli kabisa. Lakini kisa hicho chadai masharti, hakidai fundi wa matatu. Kwanza, kabla ya hodi seva iulize kama anwani ina mwenyewe: arping -D hufanya hivyo, na RFC 5227 ya mwaka 2008 yaeleza utaratibu. Pili, ijitangaze huduma ikiwa tayari, si kabla.

Wengine watasema ARP haina ulinzi, hata mwongo aweza kupiga hodi. Naam, na anaweza leo hii, uweke skripti usiweke. Hiyo si sababu ya mkweli kunyamaza.

Kwa hiyo fundi, siku ya kukabidhi kazi, zima seva hiyo mbele ya mwenye ofisi, iwashe kwenye kompyuta ya pili, kisha weka mikono mfukoni. Ikipatikana, chukua pesa yako. Isipopatikana, hujamaliza kazi.