Ugonjwa wa Roho na Karatasi ya Mshahara



Mwezi uliopita watu wa karakana na watu wa gengi waliitwa ukumbini, wakapewa chai na mandazi, wakakaa saa mbili kumsikiliza mshauri aliyeletwa na wakubwa wetu. Mshauri yule alisema vizuri, nasi hatumdharau. Alisema ya kwamba wasiwasi, kukosa usingizi na hasira za nyumbani hutokana na mawazo mabaya juu ya fedha, na ya kwamba mtu akibadili mawazo hayo, akaandika matumizi yake na kuacha kujipima na jirani, roho yake itatulia hata kama mshahara ni ule ule. Watu wakapiga makofi. Walipotoka nje wakakuta ubao wa matangazo umebandikwa orodha ya majina ya wale wanaokatwa mshahara kwa ajili ya madeni, na kiasi cha deni mbele ya kila jina.

Mambo hayo mawili yalitoka ofisi moja, siku moja.

Sisi twasema wimbo huu wa mawazo ya mfanyakazi si mpya. Siku za ukoloni mabwana walisema Mwafrika hana haja kubwa ya fedha. Ana shabaha moja tu, labda kodi ya kichwa, labda mahari au baiskeli, na akiipata huacha kazi akaenda kwao kulala. Kwa hiyo, walisema, ukimwongezea mshahara atafanya kazi kidogo zaidi. Mambo haya yalisemwa na watu wenye digrii, wala hawakucheka walipoyasema. Ubaya haukuwa katika mshahara, ulikuwa katika kichwa cha mtu. Lakini Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa, wa bandari na wa reli, hata wapishi na matopasi, waliweka kazi chini karibu siku 12. Msemaji wao Chege Kibachia alikamatwa mwaka ule ule akahamishwa mpaka Baringo. Je, wale walikuwa watu wasio na haja? Kisha mwaka 1954 Kamati ya Carpenter, iliyoundwa na serikali yenyewe wala si chama cha wafanyakazi, ikaandika ya kwamba mshahara wa chini ulikuwa umepimwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja asiye na mke wala mtoto. Basi mtu anayelipwa kama kapera, naye ana watoto wanne, mawazo yake juu ya fedha yatatulia kwa dawa gani?

Na kama wakubwa wanapenda elimu, nasi tunayo. Kule Rarieda, katika Siaya, kati ya mwaka 2011 na 2013 nyumba maskini zilipewa fedha bure, bila sharti lo lote. Nyumba nyingine zilipata Shs. 25,200/- na nyingine Shs. 95,200/-. Wataalamu wakawapima waliopewa na wasiopewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: waliopewa walikuwa na furaha zaidi na huzuni kidogo, nao hawakuongeza pombe wala tumbako kama wenye dharau walivyotazamia. Waliopewa nyingi walionyesha nafuu kubwa zaidi. Angalieni sana hapo, ndugu. Hawakuhubiriwa kwanza juu ya mtazamo. Fedha ilitangulia, na utulivu ukafuata.

Tena huko India, jimbo la Tamil Nadu, walipimwa wakulima wa miwa ambao hupata fedha yao mara moja kwa mwaka. Mtu yule yule alipewa mafumbo ya akili kabla ya mavuno, wakati amekaukiwa, akapewa tena baada ya kulipwa. Kabla ya mavuno alikosa zaidi. Habari hii ilitolewa mwaka 2013. Akili yake haikuwa imebadilika, ila ilikuwa imejaa hesabu za madeni, nafasi ya jambo jingine ikawa ndogo. Sisi wa reli tulijua neno hili bila kwenda India. Mtu wa pointi ambaye usiku kucha amepigiwa simu na wakopeshaji, asubuhi ndiye anayeshika njia ya gari lenye watu. Wakubwa wanaohesabu mshahara kama hasara, je, hilo wamelihesabu?

Wako pia waliotuletea Maandiko, ya kwamba Yohana Mbatizaji aliwaagiza askari watosheke na mishahara yao. Kweli, aliwaagiza. Lakini wale walikuwa watu wenye silaha, waliozoea kunyang'anya raia, hakuwa akisema na watu wa sululu. Na Paulo aliposema habari za shina la mabaya alitaja kuipenda fedha, hakutaja kulipwa. Wanaotufundisha Biblia wasirukie Waraka wa Yakobo sura ya tano, palipo na habari za mshahara wa wavunaji uliozuiwa na matajiri. Hatujasikia semina juu ya sura hiyo.

Hata hivyo mshauri hakukosa yote, na sisi hatutaki kuwa kama mtu anayetupa maji pamoja na uchafu wa ndoo na ndoo yenyewe. Kuna ugonjwa mwingine ambao nyongeza peke yake haiponyi, nao ni aibu. Wako wenzetu wanaoamini ya kwamba mwanamume ni mfuko wake. Mfuko ukiwa mtupu, hujiona si mtu. Ndugu wa namna hiyo huacha kuja kwa mama wa chai, huomba zamu ya usiku asionane na watu, huficha karatasi ya mshahara mke wake asiione, kisha hukopa kwa simu ili nyumbani waone hali ni njema. Kukopa harusi, kulipa matanga. Tufanye hesabu: mkopo wa Shs. 5,000/- kwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30 ni Shs. 375/-. Ukiurudia kila mwezi, mwaka ukiisha umelipa ada ya Shs. 4,500/-, na ile elfu tano bado hujawa nayo. Chama cha akiba na mikopo kinachotoza asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni linalobaki kingechukua Shs. 325/- tu kwa mwaka mzima. Lakini kule lazima uonekane na watu, useme haja yako, utafute wadhamini. Simu haina macho. Basi aibu ndiyo inayotutoza ile tofauti. Wengine hukimbilia kubahatisha mechi za mpira, na hapo hatuna hesabu ya kuwafanyia.

Ndiyo maana orodha ile ya ubaoni ni uovu kuliko mshahara mdogo wenyewe. Inachukua aibu ambayo tayari inamla mtu, inaitia msumari. Mmoja wa waliotajwa hakufika kazini siku tatu, na mkewe alikuja langoni kutuuliza sisi alipo. Alipatikana, Mungu ashukuriwe.

Sasa tuseme sheria. Sheria ya Ajira ya 2007 imekataza makato yote pamoja kuzidi theluthi mbili za mshahara. Wako wenzetu ambao baada ya mkopo, na baada ya makato ya nyumba ya asilimia 1.5 na ya bima ya afya ya asilimia 2.75 yaliyowekwa mwaka 2024, hawabaki na theluthi moja. Wanaokatwa hivyo walete karatasi zao kwa mwakilishi wa chama, naye atazishika kwa siri. Kanuni za mwaka 2022 juu ya wakopeshaji wa simu zimewakataza kumtia mdaiwa aibu kwa kuwapigia jamaa na rafiki zake. Ikiwa mkopeshaji wa simu amekatazwa, mwajiri amepata wapi ruhusa ya kubandika majina?

Kamati ya tawi itapeleka kwa meneja madai matatu: orodha iondolewe, wala isirudi, mshahara ulipwe kabla ya mwezi kuisha, kwa maana kila siku ya kuchelewa ni siku ya mkopeshaji, na kila mtu apewe karatasi yake mkononi mwake. Semina ziendelee kama wanapenda, lakini zisihesabiwe badala ya nyongeza tuliyoomba.

Wanachama wote waje kwenye mkutano Jumamosi saa nane mchana, uwanja wa karakana. Walioandikwa katika orodha ile waje bila kujificha, tutaketi nao mbele.