Kichanga Akicheka Usingizini, Hakuchekei Wewe

Hebu sema ukweli: simu yako ina video ngapi za mtoto aliyelala akitabasamu? Mimi ninazo kumi na moja, zote za mtoto wa dadangu, na zote nimemtumia shemeji yangu aliye Doha na maneno haya chini: "Anakuota wewe, baba." Leo najikosoa.

Tunaishi Kibokoni, hapa Mji wa Kale, nyumba ambayo ukifungua dirisha unaweza kumpa jirani chumvi mkononi. Tangu dadangu ajifungue, wageni hawaishi kuja kumtazama mzazi. Mtoto amelala, wanja kwenye paji la uso, udi unafuka, mara mdomo unapinda, kacheka! Chumba kizima "Mashallah!" na simu zinatoka. Nyanya anatufukuza: "Muwateni, yuwacheka na malaika." Jirani wa juu anasema ni gesi tumboni. Mimi ndiye wa ndoto.

Juzi baada ya Isha nikamkuta dadangu analia. Ana miaka 22. Akaniambia, "Kaka, huyu hanitaki. Akilala yuwacheka. Akiamka yuwanitizama kama ukuta."

Utani ukaisha hapo. Nikaenda kusoma.

Iko hivi. Kichanga hulala kama saa 16 kwa siku, na karibu nusu ya usingizi huo ni ule wa macho kuchezacheza chini ya kope. Sisi wakubwa tunaupata kama robo tu. Ndani yake pumzi haiendi sawa, vidole vinashtuka, mdomo unanyonya bila ziwa, uso unakunjamana na kucheka. Ubongo bado unajijenga, na ishara za sehemu yake ya chini zinagusa misuli ya uso bila mwenyewe kuamua. Mkubwa huchelewa kuufikia usingizi huo. Kichanga huanza nao, ndiyo maana ukimlaza tu, dakika chache keshatabasamu. Waliozaliwa kabla ya siku zao hutabasamu hivyo pia. Hata sokwe wachanga, watafiti wa Japani wamewaona. Na gesi? Waliokaa wakavitazama vichanga hawakuona uhusiano. Samahani, jirani.

Aliyeanza kuufungua mlango huu ni Eugene Aserinsky wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyepewa kazi ya kutazama watoto wachanga wakilala. Mwaka 1953 yeye na mwalimu wake, Nathaniel Kleitman, wakatangaza habari ya macho yanayocheza usingizini. Alianza kazi hiyo bila digrii hata moja. (Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili, mstari huo nimeusoma mara tatu.)

Kwa hivyo cheko la usingizini halimhusu shemeji, halinihusu mimi, na zaidi ya yote halimkatai mama. Lile la kumtazama mtu machoni na kumjibu huja kwenye wiki ya 6 hadi ya 8. Piga hesabu basi: arobaini ni wiki 5 na siku 5. Yaani mzazi anamaliza arobaini nzima, hajalala, mwili unauma, na kwa kawaida mtoto hajamrudishia hata cheko moja akiwa macho. Halafu sisi tunaingia na simu tukimwambia "ona anavyofurahi!" Dadangu aliambiwa habari za chanjo na uzito. Kalenda hii hakuna aliyempa.

Ndio nikaona maneno ya nyanya yana akili kuliko yangu. La malaika ni la imani, sibishani naye. Lakini "muwateni" ni sahihi kabisa: usingizi ule ni mwepesi, kelele zetu zinamwamsha, na saa nane za usiku si wewe utakayenyonyesha.

Kama una dada, mke au jirani aliye ndani ya arobaini, mwambie hizo wiki 6 hadi 8. Aliyejifungua mapema ahesabu kutoka siku aliyotarajiwa kuzaa. Mtoto akiwa macho na ameshiba, asogeze uso karibu, kama shibri moja na nusu, amsemeshe. Miezi 3 ikipita bila cheko la kumjibu mtu, ampeleke kliniki. Na mama mwenyewe akiwa analia siku baada ya siku kwa wiki mbili, naye apelekwe, asiambiwe tu ajikaze.

Wa kwetu yuko wiki ya tano. Asubuhi akishanyonya, dadangu humlaza mapajani akamsemesha, na yeye bado ni ukuta. Shemeji nimemwomba asipige saa hiyo. Zile video kumi na moja anazo, ila nimemwandikia tena kwamba hakuwa akiotwa yeye.