Msiwacheke Vijana wa Chuo

Ndugu wafanyakazi,

Kila mwaka vyuo vya ufundi hutoa vijana wenye vyeti, na wachache wao hubahatika kuandikwa kazi karakanani. Wengi wetu tunaowapokea tulisoma shule za msingi za misheni tu. Leo twataka kusema neno juu ya vijana hao, na juu yetu pia, kwa sababu kosa liko pande zote mbili.

Kijana akiwa chuoni huambiwa kwamba akimaliza atakuwa mtu mkubwa. Siku ya mahafali nyumbani huchinjwa mbuzi. Mwezi wa kwanza kazini anajikuta chini ya behewa, grisi mpaka masikioni, akitumwa spana na mzee asiyejua kusoma mchoro. Mshahara ukija, deni la Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu limekwisha katwa, kodi ya nyumba yangoja, na mama amepiga simu juu ya karo ya wadogo zake. Kijana huona haya kusema hana kitu. Wakati wa chai hukaa peke yake.

Na sisi twafanya nini? Twacheka. Twamwita "Profesa". Akiuliza jambo twamjibu, "Kwani hukufundishwa chuoni?"

Tulikuwa naye mmoja wa namna hiyo. Tulimcheka hata akatuona adui. Aliwekwa katika majaribio. Miezi 6 ikaisha, akaambiwa aendelee tu, wala hakupewa barua yo yote. Hakutuambia, maana hakuwa mwanachama. Nasi hatukumwuliza, maana tulisema, "Msomi atajitetea." Mwezi wa kumi na moja aliambiwa kwa mdomo asirudi kesho. Alirudisha ovaroli, akatuaga mmoja mmoja kwa adabu. Siku ile hakuna aliyemwita Profesa.

Kumbe sheria ilikuwapo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema majaribio yasipite miezi 6, wala hayaongezwi ila mfanyakazi mwenyewe akubali, na nyongeza nayo isipite miezi 6 mingine. Tena mkataba wa kazi ya miezi 3 au zaidi sharti uandikwe. Kijana yule angeweza kuisoma sheria hiyo yote kwa Kiingereza, lakini hakujua ipo. Sisi tulijua ipo, na hatukufungua mdomo.

Ndugu zetu, elimu yao na yetu si moja, lakini gari ni moja. Mzee hugonga gurudumu kwa nyundo, akajua kwa sauti kama lina ufa. Kijana hulipima, akajua limelika milimita ngapi. Abiria aliyelala usiku ndani ya behewa anawahitaji wote wawili.

Hata wazee wetu walijua hivyo. Januari 1947, mjini Mombasa, wapakuzi wa bandari na watu wa reli waliacha kazi pamoja. Kazi zao zilikuwa mbalimbali, lakini shida ya mshahara mdogo ilikuwa moja.

Kwenu vijana twasema: cheti kimewafikisha mlangoni, sasa ingieni ndani mkajifunze. Kumwuliza mzee si aibu. Barua ya kazi isomeni kabla ya kutia sahihi, mkaweke nakala. Waambieni watu wa nyumbani kweli juu ya mshahara wenu, kabla hamjakopa ili kuwaridhisha. Na ingieni chama. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki hiyo.

Kwenu wenzetu wa zamani twasema: wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Akija kijana mpya, mwonyesheni kazi, mketi naye chai. Na juma lile la kwanza, kabla ya mzaha wo wote, mwulizeni hivi: "Ndugu, umepewa barua?"

Maana mwajiri akizoea kumfukuza mwenye cheti bila barua, sisi tusio na cheti atatuhesabu kuwa nini?

Ni sisi wenzenu wa karakana.