Si Kila Kijani ni Nafuu

Hakuna kauli inayolidhulumu jangwa kama ile isemayo kwamba, baada ya moto, mvua moja inatosha kuirudishia ardhi uhai wake. Wiki hii kauli hiyo imesambazwa tena kwenye simu, ikiambatana na picha ya mteremko wa Jangwa la Sonora, kusini mwa Arizona nchini Marekani, ulioungua na ambao sasa umefunikwa na majani mabichi, huku katikati yake ikisimama mipungate iliyobabuka hadi kiunoni. Waliotuma picha hiyo waliona kijani wakashangilia, na mipungate hawakuitazama hata kidogo. 

Mpungate unaoonekana pichani ni saguaro, mmea mnene kama nguzo unaoweza kufikia urefu wa mita 12 na kuishi zaidi ya miaka 150, na kwa kuwa hauna majani, kazi ya kutengeneza chakula hufanywa na ngozi ya kijani ya shina lenyewe. Moto unapoibabua ngozi hiyo, mmea haufi papo hapo, kwani maji uliyoyahifadhi ndani huendelea kuusimamisha, pengine hata ukachanua na kuzaa, kisha baada ya miaka kadhaa huoza na kuanguka, wakati wapiga picha wameshaondoka zamani. Ndiyo maana hesabu ya mipungate iliyonusurika, ikifanywa katika mwaka wa kwanza, huwa ni hesabu ya uongo. Mche wake nao hukua polepole mno: katika miaka 8 ya mwanzo hauzidi sentimita 4, na matawi ya kwanza huweza kusubiri miaka 50 au 70. Muda huo wote wa uchanga huhitaji mti mlezi, yaani mti kama palo verde, ambao kivuli chake huukinga na jua la mchana na baridi kali ya usiku. Mti mlezi ukiungua, mbegu huangukia mahali pasipo na hifadhi.

Ni kweli kwamba ipo mimea ya jangwani inayorudi upesi, kama vile kichaka cha jojoba kinachochipua kutoka chini ya shina, lakini michache hiyo hailifanyi jangwa kuwa nyika iliyozoea moto. Sonora ilijilinda kwa nafasi tupu zilizoachwa kati ya mmea na mmea, ambazo ziliunyima moto njia, na nafasi hizo ndizo zilizojazwa na nyasi za kigeni. Mwezi Juni 2020, moto ulioitwa Bush, ulioanzia kwenye gari lililowaka kando ya barabara kaskazini-mashariki mwa jiji la Phoenix, Arizona, uliteketeza zaidi ya hekta 78,000, ukipita katika makazi ya saguaro ambayo hayakuumbwa kwa ajili ya moto wa namna hiyo.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani kwamba jambo hili halimhusu, kwa sababu nyasi inayoogopwa kuliko zote huko Tucson, jiji la kusini mwa Arizona, ni Cenchrus ciliaris, ambayo Wakamba huiita ndata kivumbu na huipanda kufufua malisho yaliyochakaa. Huku kwetu ni nyasi njema, yenye walaji wake na mahali pake. Ilipelekwa Marekani katika karne ya 20 kwa ajili ya ng'ombe na kuzuia mmomonyoko wa udongo, na mbegu za aina iliyoenezwa zaidi zilitokana na nchi kame ya Turkana, kaskazini mwa Kenya. Kila shina hujikusanya kuwa kichaka kinene, na majani yake makavu huwaka kwa joto kali linalotosha kuua saguaro, ilhali kishina chake kigumu, kilicho usawa wa udongo, hunusurika na kuchipua mara tu mvua inyeshapo. Arizona iliitangaza kuwa gugu hatari mwaka 2005, baada ya kuwa imeshapanda vilima.

Kijani cha picha ile, kwa hiyo, ni dalili ya maradhi. Watu wa kujitolea wa Tucson wanalijua hilo, nao hupanda miteremko wakiwa na mitalimbo na kuing'oa nyasi hiyo pamoja na mizizi yake, kichaka kimoja baada ya kingine. Na pale ilipotanda kupita nguvu za mikono, hunyunyiziwa dawa ya kuua magugu, ambayo hufanya kazi vizuri wakati majani yangali mabichi tu. Muda huo ni wiki chache baada ya mvua za kiangazi, na ndio muda ambao wasambazaji wa picha wameamua kuutumia kwa kushangilia, ilhali majani hayo yakishakauka, kila saguaro iliyosalia itakuwa imezungukwa na kuni.