Uhamisho Haufuti Alama

Kijana wa Kikenya, Kitanzania au Kikongomani anayesoma Marekani akitangaza kwamba anataka kuwa daktari, hakosi mjomba wa kumpa ushauri. Chuo ulichopo hakina jina, ataambiwa. Vumilia mwaka mmoja au miwili, kisha hamia chuo kikubwa, na vyuo vya udaktari vitakutazama kwa jicho jingine. Wapo vijana wanaoanza kujaza fomu za uhamisho kabla hata hawajamaliza muhula wa kwanza. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini kwa sehemu kubwa unapotosha.

Marekani si kama Dar es Salaam au Nairobi, ambako kijana hutoka sekondari na kuingia moja kwa moja kwenye udaktari. Kule mtu husoma kwanza shahada ya miaka 4, ya fani yoyote, mradi awe amepitia biolojia, kemia na fizikia zinazotakiwa. Ndipo huomba chuo cha udaktari, cha miaka mingine 4. Katika miaka ya karibuni waombaji wamekuwa takriban 52,000 kwa mwaka na nafasi zipatazo 23,000. Wanaoingia huwa na wastani wa alama unaokaribia 3.8 kati ya 4, na katika mtihani wa MCAT, unaopimwa kuanzia 472 hadi 528, hupata karibu 512. Namba hizo zinatisha, na mwenye hofu hutafuta upenyo. Jina la chuo linafanana na upenyo.

Basi na tuiangalie fomu yenyewe. Maombi mengi hupitia mfumo mmoja uitwao AMCAS. Mwombaji huingiza humo, kwa mkono wake, kila somo alilowahi kusoma chuoni: namba ya somo, muhula, krediti, alama. Kila chuo alichopitia, hata alikosoma somo moja tu wakati wa likizo, hutuma transkripti yake, na wahakiki hulinganisha mstari kwa mstari. Kisha mfumo hukokotoa wastani mmoja wa masomo yote na mwingine wa biolojia, kemia, fizikia na hisabati peke yake. Somo lililorudiwa huhesabiwa mara zote mbili. Vyuo vya osteopathia, tawi jingine la udaktari nchini humo, ambavyo zamani viliruhusu alama mpya ifute ya zamani, navyo viliacha utaratibu huo mwaka 2017.

Hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Chuo kipya kwa kawaida hupokea krediti bila kupokea alama, hivyo kwenye karatasi zake mwanafunzi huanza upya akiwa msafi. Tuseme kijana alipata 2.8 katika krediti 30 za mwaka wa kwanza, akahama, akajikaza na kupata 3.8 katika krediti 90 zilizobaki. Chuo kipya kitamwandikia 3.8 naye atafurahi. AMCAS itamwandikia 3.55. Maji yalishamwagika, na angebaki alikokuwa na kupata alama zilezile, angepata 3.55 hiyohiyo.

Tena ana bahati ikiwa krediti zake zote zimepokelewa. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilikadiria mwaka 2017 kwamba wanafunzi waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Kupoteza krediti ni kulipa karo mara mbili kwa somo lilelile, na kwa familia nyingi za wahamiaji karo hiyo hutoka kwenye mshahara wa zamu za usiku.

Hasara kubwa zaidi ni ya muda. Anayehama baada ya mwaka wa pili hufika chuo kipya Agosti. Kama anataka kuingia udaktari mara tu baada ya kuhitimu, maombi yake yanatakiwa Juni inayofuata. Katika miezi hiyo kumi anapaswa kuzoea mji mgeni, kumaliza masomo magumu ya sayansi, kufanya MCAT, kupata nafasi maabarani, kujitolea hospitalini, na kuwapata maprofesa wa sayansi wanaomfahamu kiasi cha kumwandikia barua yenye uzito. Barua ya namna hiyo haitoki kwa profesa aliyemwona mara chache katika ukumbi wa watu 300. Yule aliyekuwa akimwita kwa jina katika chuo kidogo ndiye angeiandika vizuri, na huyo ndiye aliyeachwa.

Wanaotetea uhamisho wana hoja moja nzito. Mwaka 2023 wachumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman walionyesha kwamba kusoma katika vyuo vichache vya juu kabisa, mfano wa Harvard na Yale, huongeza sana uwezekano wa mtu kuendelea na masomo katika vyuo vingine vya hadhi ya juu. Utafiti huo ni wa kuheshimiwa. Lakini uliwahusu walioomba nafasi za mwaka wa kwanza, haukumhusu anayedandia katikati ya safari, wala swali lake halikuwa nani anapata kuwa daktari. Mgonjwa hamuulizi daktari wake alisomea wapi kemia.

Ushahidi wa upande wa pili unaonekana kwa macho. Xavier University of Louisiana, chuo cha Kikatoliki mjini New Orleans kilichoanzishwa 1925, kina wanafunzi elfu chache tu, na wazazi wengi wa Afrika Mashariki hawajawahi kukisikia. Kwa miongo kadhaa kimekuwa mstari wa mbele nchini humo kwa idadi ya wahitimu Weusi wanaoingia vyuo vya udaktari na kumaliza. Hakikufika hapo kwa jina. Walimu wa sayansi huwafuatilia wanafunzi tangu mwaka wa kwanza, wakubwa hufundisha wadogo, na washauri hupitia maombi ya kila mmoja kabla hayajatumwa. Regina Benjamin alihitimu hapo 1979, na kati ya 2009 na 2013 akawa daktari mkuu wa serikali ya Marekani. Jerome Adams, aliyeshika cheo hichohicho kuanzia 2017, alitoka UMBC, chuo cha serikali cha Maryland.

Kwa kijana aliye Marekani kwa viza ya mwanafunzi, mjadala wote huu wa jina ni wa pembeni. Vyuo vingi vya udaktari huko havimpokei mtu asiye raia na asiye na green card, na hata vile vinavyopokea huchukua wachache mno. Vile vya serikali navyo hupendelea wakazi wa jimbo lao: Texas hubakiza angalau asilimia 90 ya nafasi kwa wenyeji, na chuo cha udaktari cha University of Mississippi huchukua wakazi wa Mississippi tu. Viza na ukazi havibadiliki kwa kubadili chuo.

Uhamisho unaofaa upo. Anayesoma koleji ya jamii ya miaka 2 lazima ahame, maana kwa kawaida pale shahada ya miaka 4 haitolewi. Aliyeishiwa karo, aliye na mgonjwa nyumbani, au ambaye chuo chake hakina masomo yanayotakiwa, naye ana sababu. Anayehama kwa ajili ya nembo kwenye fulana hana.

Kwa hiyo mjomba mwenye mchango mfukoni asiupeleke kwenye ada ya maombi ya uhamisho. Ampe kijana nafasi ya kuacha zamu za wikendi kwa miezi michache ili asome kwa ajili ya MCAT. Na kijana mwenyewe, kabla ya kujaza fomu yoyote, aende ofisi ya ushauri ya chuo alichopo na aulize: katika miaka mitano iliyopita wangapi wameomba udaktari kutoka hapa, na wangapi wameingia?